Nilivyovuta intaneti nyumbani bila simu ya mezani

Nilipohamia Leicester, Uingereza, mwanzoni mwa 2021, nilikuta simu ya mezani ukutani, rangi ya krimu, vumbi limegandia kwenye vitufe. Sikuitaka hata kidogo. Mama yuko Tanga, tunaongea kwa WhatsApp, na kazini wananitafuta kwenye simu ya mkononi. Nyumba niliyotoka, simu ya namna hiyo ikilia tulijua ni tapeli anayetuambia kompyuta yetu ina virusi. Na kwa raha hiyo tulikuwa tukilipa kodi ya laini, pauni 18 na ushee kila mwezi.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato, ruta ya 4G, inayovuta intaneti kwenye mtandao wa simu za mkononi. Asubuhi ilikwenda vizuri. Jioni watu wakisharudi makwao, sura ya Mama inaganda mdomo wazi, nami nabaki nasema "halo, halo". Nyumba zile za matofali ya kizamani kuta zake nene. Ruta ilishika mtandao pale tu nilipoiweka dirishani chumba cha juu, katikati ya soksi nilizoanika. Siku 14 za kurudisha bidhaa hazijaisha, nikairudisha.

Fiba, ule waya wa kioo wa intaneti, ilikuwa haijafika mlangoni kwangu. Iliishia kwenye kabati la kijani kando ya barabara, na kutoka hapo hadi ndani ni waya wa shaba uleule wa simu. Nikapigia kampuni moja. Dada aliyepokea akasema, "Lazima uwe na laini ya simu." Nikamwambia simu siitaki. Akarudia yaleyale, kwa upole uleule. Kampuni ya pili, wimbo huohuo.

Nilimlalamikia Mama. "Mwanangu, si ununue laini hapo dukani? Huku unaweka kidole tu, wanakusajili."

Nilicheka, halafu nikashtuka. Kwa Mama laini ni kadi ya simu. Kwa yule dada laini ni mkataba wenye namba na bili. Mimi nilichokuwa nahitaji ni laini kwa maana ya waya. Ndani ya waya ule sauti ya simu husafiri kwa mawimbi ya masafa ya chini, na intaneti kwa mawimbi ya masafa ya juu zaidi, kwa hiyo sauti ikiondolewa, intaneti haidhuriki.

Kumbe huduma hiyo ipo, nayo Uingereza inaitwa SOGEA. Jina baya, na wauzaji wengi wala hawalijui. Safari ya tatu sikuomba "intaneti bila simu". Nilisema nataka SOGEA, waya usio na mlio wala namba. Nikawekewa muziki dakika kadhaa, kisha kijana akarudi: "Ipo." Pauni 26 kwa mwezi, wakati kifurushi chenye simu alinitajia 31. Si akiba ya kujengea nyumba, lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Akafungua soketi, akachomeka kisimu chake cha kupimia, akanipa nisikilize. Kimya kabisa, kama umeweka sikio kwenye kifuu. Nikadhani ameharibu. Akachomeka ruta, taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Megabiti 52 kwa sekunde. Huduma ya aina hiyo mwisho wake ni 80, na umbali wa kabati hula nyingine.

Kama una namba ya mezani unayoipenda, uliza kwanza, maana unaweza kuipoteza moja kwa moja. Vilevile kama unaishi na mzee mwenye kile kitufe cha kuita msaada, hakikisha hakitegemei laini ya simu. Na umeme ukikatika ruta inazima. Simu ya zamani ilipata umeme wake kupitia waya kutoka kituo cha simu, ruta haipati, kwa hiyo simu yangu ya mkononi naiweka na chaji ya kupigia 999, namba ya dharura.

Siku hizi hubembelezi mtu. Tangu Septemba 2023 Openreach, kampuni yenye zile nyaya za simu, wameacha kuuza laini za simu za kizamani, na mtandao wote ule umepangwa kuzimwa Januari 2027.

Jioni ile ya fundi nilimpigia Mama, picha safi, hata mjusi ukutani kwake namwona.

"Haya, nipe namba ya hiyo laini mpya."

"Haina namba, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, umeibiwa."