Siku moja maishani mwangu: fundi wa matairi, wageni 26 na uwanja wa mbio

Saa 11:00 alfajiri

Naanza na geji ya upepo. Taa za gereji hazijawashwa zote, magari 12 yamepangwa safu moja, nami nachuchumaa kwenye gari namba 1, tairi la mbele kushoto, kama ninavyoanza siku zote. Upepo lazima upimwe sasa, tairi likiwa limelala usiku kucha na jua halijaligusa. Jua likishapiga ubavu mmoja wa gari, matairi ya ubavu huo yanapanda, na hapo utajikuta unasahihisha kitu ambacho hakina kosa.

Leo kampuni inayounda magari haya ya spoti imealika wageni waje kuyaendesha kwenye uwanja wa mbio. Ni 24, wawili kwa kila gari wakipokezana, mwalimu akiwa kiti cha pembeni. Wengine wawili wanakuja na magari yao wenyewe. Sisi mafundi wa matairi na breki tuko wanne. Wageni wengi hawatayajua majina yetu, na sisi tutawajua kwa namba za magari.

Kila tairi naliweka 27 kwa psi, kipimo cha msukumo wa upepo. Aliyezoea barabara za kawaida ataona ni chini mno, lakini mimi sihesabu upepo wa sasa, nahesabu wa baadaye. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 70, ile 27 inafika 34 bila mtu kuongeza chochote, na 34 ndiyo ninayoitaka. Ukijaza 34 alfajiri, kufika saa nne tairi limevimba katikati, linagusa lami kwa kitovu tu, na dereva anashangaa kwa nini gari halishiki barabara.

Halafu chaki. Kwenye bega la kila tairi kuna pembetatu ndogo iliyochongwa kwenye mpira, na ncha yake inaonyesha mwisho wa sehemu inayotakiwa kukanyaga lami. Nachora mistari mitatu ya chaki kuvuka bega hilo. Gari likirudi, chaki itakuwa imefutika hadi mahali fulani. Mahali hapo pananieleza mengi kuliko atakayonieleza dereva.

Saa 12:45 asubuhi

Nati za magurudumu, kwa spana yenye kipimo, moja baada ya nyingine kwa mpango wa nyota. Mwenzangu anapita nyuma yangu na kurudia kila nati. Hatuaminiani kwenye nati, na hilo halimkwazi yeyote kati yetu.

Saa 2:00 asubuhi

Kikao cha maelekezo. Mimi husimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu napenda kumsikia mwalimu mkuu akifika kwenye breki. Anaanza na bendera: njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu, nyekundu, zoezi limesimama, rudi taratibu, njano yenye mistari myekundu, lami inateleza, buluu, kuna gari lenye kasi nyuma yako. Kisha anawaambia macho yatangulie gari, kwamba mikono hufuata yanakoangalia macho. Wageni wanatikisa vichwa. Wataelewa baadaye, wakiwa ndani ya kona.

Leo amewakumbusha habari ya Le Mans ya mwaka 1953, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, Jaguar iliposhinda kwa magari yake ya C-Type yenye breki za diski, pedi zikibana sahani ya chuma iliyo wazi kwa upepo, huku wapinzani wake wakubwa wakitegemea breki za drum, zinazosugua ndani ya ngoma iliyofungwa. Wale madereva wa Jaguar waliweza kuchelewa zaidi kukanyaga breki mwisho wa ule mnyooko mrefu, na wakarudia hivyo saa baada ya saa bila breki kuchoka. Ningekuwa mimi ninayeongea, ningeongeza hesabu moja. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa limebeba nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 7 za maji ya bomba. Ukilisimamisha, nishati yote hiyo inageuka joto ndani ya sekunde chache, na sehemu kubwa inaingia kwenye diski nne na pedi zake. Ndiyo maana tunawaomba wageni, karibu kwa kupiga magoti, kwamba mzunguko wa mwisho wa kila zamu uendeshwe polepole bila kugusa breki, upepo upite kwenye diski. Na wakishaegesha, wasivute handbreki. Diski ya moto ikibanwa na pedi mahali pamoja, inaachiwa alama, na kuanzia hapo kanyagio litatetema kila ukilikanyaga.

Saa 3:15 asubuhi

Zamu ya kwanza. Uwanja huu unazunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo kona nyingi ni za kulia, na uzito hutupwa kushoto. Tairi la mbele kushoto ndilo linalobeba mzigo wa siku nzima.

Sioni sana magari yenyewe, nayasikia. Dereva mzuri ana mlio mrefu, kimya kifupi cha breki, kisha injini inarudi taratibu kama mtu anayevuta pumzi. Asiyezoea anakata mafuta, anaongeza, anakata tena katikati ya kona, na kila anapokata, uzito unakimbilia mbele na mkia wa gari unakuwa mwepesi. Unaweza kufumba macho ukajua nani yuko wapi.

Yanaporudi, tunayavamia. Sindano ya kupimia joto naichomeka kwenye mpira sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Lazima iingie, maana ngozi ya juu ya tairi hupoa ndani ya muda mfupi na kukupa namba ya uongo. Gari namba 2: 78, 80, 83. Safi. Namba 5: safi. Namba 7, mbele kushoto: 74, 82, 101.

Naweka kidole kwenye bega la tairi lile. Mpira umekwaruzika kama kitu kilichosuguliwa kwenye jiwe, vijipele vidogo vimelala upande mmoja, na chaki imefutika kupita ncha ya pembetatu kwa upana wa kidole. Upepo ni 34, hauna tatizo. Kwa hiyo ni mikono. Dereva anafika kwenye kona akiwa na kasi kubwa mno, anageuza usukani, pua ya gari inakataa, naye anazidi kuuzungusha akidhani ameugeuza kidogo. Tairi lililokwisha kuzidiwa halisaidiwi kwa kukunjwa zaidi. Linasagika tu.

Anashuka dada mmoja mtaratibu, mikono inamtetemeka kidogo. Ananiuliza, "Fundi, nimeliharibu?"

"Hapana dada, tairi ni la kutumika. Lakini njoo ulione."

Kazini kwetu kuna utaratibu ninaouheshimu: fundi hamfundishi mgeni kuendesha. Namwita mwalimu wake, nachuchumaa, nawaonyesha wote wawili. Mwalimu anaelewa kabla sijamaliza. Anamwambia dada aguse bega la tairi, kisha aguse katikati. "Huku umelichuna, huku hujalitumia. Gari linashikwa na eneo la ukubwa wa kiganja chako kwa kila tairi. Ukilipa kazi ya kufunga breki na kukunja kona kwa mkupuo mmoja, litachagua lenyewe lipi liliache." Dada anaweka kiganja chake juu ya mpira wa moto, anakiacha hapo kitambo. Nikajua amesikia.

Saa 5:10 asubuhi

Mgeni mmoja aliyekuja na gari lake anaingia gereji kwa mwendo wa taratibu kupita kiasi, taa za dharura zinawaka. Kijana, jasho limemlowesha chini ya helmeti.

"Fundi, breki imeshuka mpaka chini. Nimepiga kanyagio mara tatu ndipo ikashika."

Nafungua boneti na kuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Hakumbuki. Tangu alinunue hajayagusa, huu mwaka wa tatu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye gari alijue, awe anakwenda uwanjani au sokoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, hata kama gari limeegeshwa tu. Ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Diski za uwanjani hupita nyuzi 500 bila shida, na joto hilo linasafiri kupitia pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye gurudumu. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, na unachokibana ni mvuke, gari linaendelea kwenda.

Tukasubiri lipoe, tukatoa mafuta yote ya zamani. Yalitoka ya kahawia, yale mapya yana rangi ya asali nyepesi. Mwenzangu alikaa kwenye kanyagio, mimi nikawa chini kwenye nati ya kutolea hewa. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Magurudumu manne, gurudumu la mbali kwanza. Hewa ilitoka kwa vipovu vidogo kwenye mpira wa kukingia, halafu vikakoma. Kijana alisimama pembeni muda wote. Hakwenda kwenye kivuli walikokuwa wenzake. Alipokanyaga mwenyewe na kukuta kanyagio gumu, hakusema kitu, alinishika bega tu.

Mwalimu wake aliongeza jambo moja: alikuwa anakanyaga breki nyepesi, ndefu, akidhani anaitunza. Uwanjani ni kinyume. Kanyaga kwa nguvu kwenye mstari ulionyooka, maliza, achia, uiachie nafasi ya kupumua.

Saa 7:00 mchana

Chakula, nimesimama.

Saa 8:20 mchana

Mvua. Dakika kumi tu, lakini imetosha. Watu wengi hudhani mstari uliokuwa mzuri wakati wa ukavu utabaki mzuri. Mstari ule umepakwa mpira wa matairi asubuhi nzima, na mpira huo ukilowa unateleza kama sakafu iliyopakwa nta. Walimu wanawatoa wageni nje kidogo ya njia ya kawaida, kwenye lami iliyo chakavu na isiyopendwa, na ghafla gari linashika. Mifereji ya tairi nayo ina kazi yake leo: kutoa maji chini ya mpira kabla gari halijaanza kuelea juu yake. Magari mawili yenye matairi ya nyuma yanayokaribia kipara nimeyazuia. Mratibu wa ratiba hakufurahi. Nikamwonyesha kipimo, tukabadilisha, tukapoteza dakika 20.

Saa 10:15 alasiri

Lami imekauka. Zamu ya mwisho, nachora chaki upya kwa sababu mvua ilifuta ya asubuhi.

Gari namba 7 linapita mbele ya gereji na nalisikia. Mlio mrefu. Kimya kifupi, kwenye mnyooko, kabla ya kona. Halafu hakuna kitu kwa kitambo, gari linazunguka lenyewe. Halafu injini, taratibu, bila kukatika. Mzunguko unaofuata, vilevile. Niliacha spana mezani nikasikiliza mizunguko minne. Wenye mwendo mkali zaidi walikuwepo, lakini sikumsikia mwingine aliyekuwa anatulia kiasi kile.

Akamaliza na mzunguko wa kupoza, kama alivyoombwa. Akaegesha, akaliacha gari kwenye gia, hakuvuta handbreki. Nikachomeka sindano kabla hajafungua mlango: 81, 84, 88.

"Tairi linasemaje, fundi?"

"Shuka uone dada."

Mistari mitatu ya chaki ilikuwa imefutika sawasawa, yote ikiishia kwenye ncha ya pembetatu. Ile michubuko ya asubuhi ilikuwa bado inaonekana kwa mbali chini ya mpira mpya uliosuguliwa laini. Alichuchumaa bila kuvua helmeti, akaweka kiganja palepale alipokiweka asubuhi.

Saa 12:30 jioni

Yule kijana wa breki anarudi nyumbani kwa gari lilelile, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho kwangu. Mchana tulipunguza upepo matairi yakiwa ya moto. Sasa yamepoa, na yako chini mno kwa barabara kuu yenye mizigo na mwendo wa saa tatu. Nafungua kompresa, najaza moja baada ya jingine mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wake. Ananishikia tochi. Kwenye tairi la nne ananiomba geji, anapima mwenyewe, anasoma namba kwa sauti.

Naandika namba ileile kwenye daftari langu, na tarehe ya mafuta ya breki naiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya boneti lake.