Miduara saba na daftari la kaunta

Bibi aliingia ofisini Jumatatu asubuhi, kanga begani, simu ndogo ya batani mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hii. Mjukuu alinisomea jana mbele ya wageni wa msiba, nikadhani amekosea."

Hakukosea. Ujumbe ulitoka kwetu: namba yake ya uanachama, kiasi anachodaiwa, siku alizochelewa, na onyo kwamba wadhamini wake wangekatwa fedha. Uliingia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ndivyo mfumo ulivyopangwa. Na huyu ni mwanachama ambaye tangu chama kianze hajawahi kutuachia deni. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

Nilikuwa meneja wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka wangu wa pili, nikiwa na watumishi sita. Nilikuwa nimeandika mpango mkakati wa miaka mitatu, nimetenga idara ya mikopo, na nimeondoa makabrasha tukaingia kwenye kompyuta. Kompyuta haikuwa anasa. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, chama kama chetu lazima kiwe na leseni, na hesabu ziwe zinasomeka. Lakini mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilipanda mwezi hadi mwezi. Kipimo cha WOCCU, baraza la dunia la vyama vya akiba na mikopo, kinataka mikopo iliyochelewa isizidi 5%. Sisi tulishapita hapo zamani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina ya uongozi, na mwezeshaji alituchorea miduara saba iliyounganishwa kwa mistari. Ni kielelezo cha kampuni ya ushauri ya McKinsey ya Marekani, kilichotengenezwa na Tom Peters na Robert Waterman wakiwa na wenzao Richard Pascale na Anthony Athos, na kilichoenea kwa makala ya 1980 iliyodai kwamba muundo wa taasisi siyo taasisi yenyewe. Kwa Kiingereza mambo yote saba yanaanza na herufi S, ndiyo maana yanakaririka. Matatu huitwa magumu, yaani unaweza kuyaandika kwenye karatasi ukayapitisha kwenye kikao: mkakati, muundo na mifumo. Manne huitwa laini: watumishi, stadi, mtindo wa uongozi, na katikati ya yote, maadili tunayoyashika pamoja. Niliyanakili vizuri, nikarudi nyumbani, nikaendelea kushughulika na yale matatu. Moyoni nilijiambia kwamba manne yale ni mambo ya tabia za watu, yatajipa yenyewe.

Siku ile ya bibi nilikwenda kukaa kaunta na karani wetu mkongwe, mama ambaye watu wote wanamwita Mama Karani. Nilikaa naye siku mbili. Chini ya meza alikuwa na daftari la zamani la jalada gumu, pembe zimeliwa, lile tulilolifunga siku kompyuta ilipokuja. Nikalifungua. Jina, kiasi, tarehe, saini. Halafu safu ya mwisho, nyembamba, isiyokuwa na kichwa, kaiandika kwa mkono wake: "mtoto KCMC" (hospitali ya rufaa ya Moshi). "Kahawa iko kiwandani, bado mnada." "Mume anakunywa, mpe mke risiti." "Atalipa akiuza ndama."

Nilisoma kurasa zile muda mrefu. Mama Karani akadhani namkagua.

"Meneja, ile safu si rasmi. Nilikuwa najikumbusha tu."

Kumbe safu ile ndiyo iliyokuwa idara ya mikopo kwa miaka yote. Mkulima wa huku hapati mshahara mwisho wa mwezi. Anavuna, anaosha, anaanika, anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, inakwenda Moshi kukobolewa, inasubiri mnada, ndipo fedha inarudi mlimani. Mfumo wetu mpya ulimpangia kila mtu rejesho la tarehe 28. Mama Karani alijua nani asubiriwe hadi mnada na nani afuatwe kesho, na mimi kwa kuleta kompyuta nilikuwa nimemwondolea mahali pa kuandika anachokijua. Stadi ya miaka mingi haikuwa na kisanduku kwenye skrini.

Hapo ndipo nilipoelewa ile michoro kwa namna yangu. Jambo laini lina anwani. Linakaa kwenye safu ya daftari, kwenye saa ujumbe unapotumwa, kwenye swali la nani anaanza kusema kikaoni. Ukitaka kulipata, fungua yale magumu uangalie ndani yake.

Niliyofanya hayakuwa makubwa. Ujumbe wa alfajiri tuliuzima siku hiyohiyo. Fundi wa programu tulimwomba vitu viwili: ratiba ya marejesho inayofuata msimu, na nafasi ya maelezo ambayo karani hawezi kuiruka. Bodi iligoma mwanzoni kuhusu ratiba. Mwenyekiti aliona tunalegeza kamba. Nilimpelekea daftari. Akasoma majina ya majirani zake, akaligeuza geuza, kisha akaniambia, "Haya, tujaribu msimu mmoja."

Ugumu ulikuwa kwangu mwenyewe. Vikao vya Jumatatu nilikuwa nafungua mimi, nasoma takwimu, nauliza kama kuna swali, hakuna, tunafunga. Niliamua Mama Karani aanze, kisha maofisa, mimi wa mwisho. Wiki tatu za mwanzo walinitazama mimi huku wakisema naye. Wiki ya nne ofisa mmoja kijana akasema mbele ya wote kwamba anawasukuma watu wachukue mikopo kwa sababu mimi nampima kwa idadi ya mikopo aliyotoa. Alisema kweli. Nilibadilisha kipimo, tukaanza kuhesabu wanachama waliotembelewa shambani kabla ya mkopo na waliomaliza bila kufuatwa. Ofisa mwingine hakupenda kutembea shambani, akaondoka, na sikumlaumu.

Msimu ulipoisha, bibi na wengi wa aina yake walilipa baada ya mnada, na sehemu kubwa ya tulichokiita chechefu ikafutika. Haikufutika yote. Wapo waliokuwa wadaiwa sugu kweli, na hao daftari lilikuwa limeshawataja.

Kielelezo chenyewe nakiheshimu, ila nina malalamiko mawili. Hakina mduara wa mambo ya nje, na huku kwetu bei ya kahawa ikishuka mnadani miduara yote saba inatikisika pamoja. Tena sijui mwanachama nimweke wapi. Kwenye ushirika yeye ni mteja, ni mwenye mali, na kwenye mkutano mkuu ndiye bosi wangu. Mimi nimemweka pale katikati, penye maadili, maana yeye ndiye aliyeshuhudia kwanza tulipoyaacha.

Mama Karani anastaafu mwakani. Wasichana wawili wanajifunza kwake, na wanajaza nafasi ya maelezo kama ilivyoagizwa, lakini wanaandika "shida ya familia" kwa kila mtu. Alhamisi iliyopita niliwarudishia maingizo kumi na mawili. Mmoja akanijibu, "Lakini meneja, hakutaka kusema." Mama Karani akavuta kiti karibu naye, akamwambia, "Ulimuuliza ukiwa unatazama skrini. Mwite, nikuoneshe."