Beseni la chumvi na miche yangu ya mpunga

Nilikuwa napima ni mpunga gani unaovumilia chumvi ukiwa bado miche. Mara ya kwanza nilimimina chumvi yote siku moja, nikaandika desisimensi 12 kwa mita kwenye daftari (ni kipimo cha maji kupitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda), nikaondoka. Wiki haijaisha, miche yote imekauka: Pokkali, mpunga wa India unaosifika kwa kuvumilia chumvi, na IR29, aina nyingine isiyoivumilia. Ukiua zote mbili, hujapima kitu.

Fundi wa maabara aliniuliza, "Bwana mdogo, leo umepima?" Nilikuwa nimepima siku ya kuchanganya tu. Tukatumbukiza kipimo: desisimensi 17 kwa mita. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Na mimi nimekulia pwani, nikiona watu wakivuna chumvi kwa njia hiyohiyo!

Safari ya pili nikaenda taratibu. Mbegu zilizochipua nilizipanga kwenye vitundu vya boya la povu lenye wavu wa nailoni chini, siku tatu kwenye maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, maana mbegu bado inajilisha. Kisha maji ya virutubisho yenye chumvi ya 6, siku tatu nyingine, ndipo 12. Chumvi ya jikoni niliiacha, ina madini joto na dawa ya kuzuia isigande. Nilitumia sodiamu kloraidi ya maabara. Kila jioni nilijaziliza maji matupu na kurudisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwenye 5. Kazi ya kuchosha, lakini jaribio lenyewe ndilo hilo.

Siku ya kwanza miche yote ililegea, kwani chumvi ya nje huinyima mizizi maji. Pokkali ikainuka. IR29 ikaanza kuwa nyeupe kwenye ncha, majani ya zamani kwanza: sodiamu hupanda na maji na kurundikana kwenye jani lililokaa muda mrefu.

Alama hutolewa kwa macho, 1 ni mche mzima, 9 umekufa au unakaribia kufa. Nilijikuta naipendelea Pokkali, nikamwomba mwenzangu afiche majina.

Beseni la pembeni lilikuwa na mbegu ya mjomba wangu wa Pemba, ambaye bonde lake huingiwa na maji ya bahari. Ilipata 5. Nikampigia simu kwa furaha. Nilimweleza pia kwamba huo ni uchanga tu, mpunga huwa dhaifu tena ukifika kuchanua. Akacheka.

"Huo wa beseni, mwanangu. Njoo bondeni siku za bamvu, bahari ikijaa kupita kiasi."

Nimeshakata tiketi ya boti.