Maharage kwa mkaa kidogo

Wenzangu wa Tabora mnaolalamikia bei ya mkaa: loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Asubuhi yachemshe kwa nguvu dakika 30, sufuria ikijaa robo tatu. Chini ya dakika 10 za kutokota kweli, maharage mekundu hubaki na sumu inayoumiza tumbo. Ipue na mfuniko wake, izamishe upesi kwenye kapu lenye matambara na blanketi kuukuu, ifunike hata juu. Iache humo kwa muda wa saa nne hivi. Yakitoka magumu, ama sufuria ilikuwa nusu tupu ama mtu alichungulia (yupo kila nyumba!). Miti ya miombo inayochomwa mkaa inapona kidogo, na dada wa kazi halindi jiko asubuhi nzima. Kwangu hilo ndilo kubwa. Nyanya na chumvi mwishoni, yakichemshwa tena.