Kunguru wa Sinza na kenge wa mtaroni

Mtu akisikia naishi ughaibuni hufikiria theluji. Ughaibuni wangu mimi ni Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili. Nilitoka Nairobi, ambako niliyezoea kumpiga picha ni korongo marabou, wale wenye vipara wanaolala kwenye miti karibu na uwanja wa Nyayo na kuwanyea wapita njia. Huku nimepewa kunguru.

Na si yule wa kwetu mwenye kifua cheupe. Huyu ana shingo ya kijivu, asili yake India, aliletwa Unguja miaka ya 1890 eti asafishe taka, kisha akajimilikisha pwani nzima. Hula mayai na makinda ya wenzake, kwa hiyo ukitaka picha ya ndege mdogo kama chozi mtaani kwetu uvizie hasa. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Siku niliyosoma habari hiyo, mmoja alikuwa dirishani anaipigia hesabu chapati yangu.

Kumpiga picha ni kazi. Kwenye jua la Dar simu huona anga tu, ndege anatoka kama tundu jeusi. Mguse kwenye kioo, kisha ongeza mwanga. Anga litaungua, liache liungue. Shingo itaonekana, na ule mng'ao wa zambarau mgongoni. Ila uamke mapema, maana ikishafika saa tatu jua halina huruma.

Jumamosi naenda Feri. Mwewe huzunguka juu ya soko la samaki, hushuka kunyakua matumbo na kuyala hukohuko angani. Picha 200, nzuri mbili. Mara ya kwanza nilifika nikainua simu tu, kinairobi. Mzee mmoja mpara samaki akaniuliza, "Kijana, umesalimia?" Shikamoo mimi niliiacha shule ya msingi. Nikaamkia, nikaomba ruhusa. Akaitikia marahaba, akaanza kurusha matumbo juu mwenyewe ili mwewe wanisogelee.

Mlinzi wa jengo moja hapa jirani hakuwa mpole hivyo. Nilikuwa nampiga picha kenge ukingoni mwa mtaro, mrefu kuliko mkono wangu. Yeye akaona napiga picha geti. Akanisimamia nifute zote, moja baada ya nyingine. Tulipofika ya kenge akanishika mkono.

"Huyu yuko wapi?"

"Hapo nyuma yako, kaka."

Miaka yote ya lindo, hakuwahi kumwona. Ile picha hakunifutisha. Siku hizi ananipigia asubuhi: "Kaka, ndugu yako katoka." Nashuka mbio na ndala, nafika, mkia unamalizikia kwenye kalavati, na mlinzi anacheka mpaka anashika ukuta.