Bwana afya aliyepima hewa

Sisi wapangaji wa Dar es Salaam tunamjua bwana afya kwa choo na taka, ndiyo maana nilivutiwa niliposoma kwamba wenzake wa Uingereza, enzi za Mfalme Edward wa Saba, waliingia kazini na kipimo cha hewa. Sheria ya Viwanda na Karakana ya mwaka 1901 ilimtengea kila mfanyakazi futi za ujazo 250, yaani takriban mita za ujazo 7, na futi 400 wakati wa saa za ziada. Mkaguzi alizidisha urefu, upana na kimo cha chumba, kisha akagawanya kwa idadi ya watu. Nimeifanya hesabu hiyo kwa fundi wangu wa Kariakoo, ambaye chumba chake ni mita 3 kwa 3, na dari ipo mita 2.5: wanatosha watu watatu, lakini wamo mafundi watano, cherehani zao na pasi ya mkaa.

Kilichonigusa zaidi ni kazi za kupeleka nyumbani. Tajiri alipaswa kuwasilisha kwa halmashauri, mara mbili kwa mwaka, orodha ya mafundi wake wa nje, ili nguo zisishonwe katika nyumba yenye ndui. Utaratibu mzuri, ila kwa mshonaji aliyelipwa kwa kipande, hodi ya mkaguzi ingeweza kumaanisha kukosa kodi ya chumba, na sheria hiyo haikumwekea fidia yoyote.