Vinasaba vya virusi na maswali ambayo idadi ya wagonjwa haijibu

Takwimu za kila wiki za wagonjwa wa dengue, Zika au chikungunya, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu, hutuonyesha kwamba ugonjwa upo na unaongezeka, lakini haziwezi kutuambia kirusi kiliingia lini, kilitokea wapi, wala kama wagonjwa wa maeneo mawili wanatokana na mnyororo mmoja wa maambukizi. Kwa maswali hayo inabidi kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe.

Virusi hivi hubeba taarifa zao katika RNA, molekuli iliyo kama maandishi marefu ya herufi za kikemikali, na kile cha dengue kina herufi takriban 10,700 tu. Kirusi kinapojinakili hukosea hapa na pale bila kujisahihisha, na baadhi ya makosa hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Kwa kuwa makosa hujilimbikiza kwa kasi inayoweza kukadiriwa, mtaalamu anayelinganisha sampuli zenye tarehe na mahali zilipochukuliwa anaweza kuchora mti wa nasaba na kukisia ni lini matawi mawili yalitengana.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni Zika nchini Brazili. Maambukizi yalithibitishwa huko mwaka 2015, lakini ulinganisho wa vinasaba ulionyesha kwamba kirusi, ambacho asili yake ya karibu ilikuwa visiwa vya Pasifiki, kilikuwa kimekwisha kuingia zaidi ya mwaka mmoja kabla. Muda wote huo kilisambaa bila kutambuliwa, jambo lisiloshangaza sana, kwani homa, vipele na maumivu ya viungo huweza kudhaniwa kuwa dalili za dengue.

Chikungunya inatufundisha jambo jingine. Mlipuko ulioanza pwani ya Kenya mwaka 2004 ulivuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika kisiwa cha Réunion ukawapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi kati ya 2005 na 2006. Vinasaba vilionyesha kwamba, katikati ya mlipuko huo, asidi amino moja (kipande kimoja kati ya vinavyojenga protini) katika protini ya ganda la nje, iliyo kwenye nafasi ya 226, ilibadilika kutoka alanini kuwa valini. Badiliko hilo dogo lilikiwezesha kirusi kuambukiza kwa urahisi zaidi mbu aina ya Aedes albopictus, ambaye huishi hata katika nchi zenye baridi kiasi. Badiliko hilohilo liliibuka tena, kwa kujitegemea, katika maeneo mengine. Anayepanga kudhibiti mbu anahitaji taarifa ya namna hii mapema, kwa sababu ikiwa mbu anayeeneza ugonjwa si yule aliyezoeleka, mazalia ya kushughulikiwa nayo huenda yakawa tofauti.

Hata hivyo, mti wa nasaba husomwa kwa tahadhari. Nchi inayochapisha sampuli nyingi huonekana kwa urahisi kuwa chimbuko la kila kitu, ilhali jirani yake asiyepima haonekani kabisa, na kutoonekana huko hakumaanishi kwamba hana virusi. Kupata sampuli nzuri nako si kazi nyepesi: kirusi cha dengue kwa kawaida hubaki katika damu kwa siku chache tu za mwanzo wa homa, kwa hiyo mgonjwa anayechelewa kufika kituoni anaweza kuthibitishwa kwa kipimo cha kingamwili bila kuacha chochote kinachoweza kusomwa herufi kwa herufi.

Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na mbu wenyewe, ambao hunaswa kwa mitego, hutenganishwa kwa spishi, kisha husagwa kwa mafungu na kupimwa. Sipendi kazi hii inavyochukuliwa kuwa nyongeza tu ya maabara ya hospitali. Sampuli za wanyama nazo zina thamani hiyohiyo: katika mlipuko wa homa ya manjano ulioikumba Brazili kuanzia mwaka 2016, ilikuwa ni kwa kulinganisha virusi vya binadamu na vya nyani ndipo ilipobainika kwamba watu walikuwa wakiambukizwa kutoka kwenye mzunguko wa msituni, yaani ule wa nyani na mbu wa msituni, si na mbu wa mijini.